Mwaka Niliotazama Ng'ambo ya Bonde

Nilikwenda kumzika mama mkubwa Skolastika nikiwa na furushi la mbasa wakavu, samaki wa ziwani kwetu, chini ya kiti cha basi, na kuanzia Mbamba Bay mpaka Mbinga abiria wa mbele yangu hakufunga dirisha, hata tulipoanza kupanda milima na baridi ikawa inaingia kwa fujo. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kwa upole kama napeleka sokoni. Nikamwambia naenda msibani. Akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na wasiwasi. Nadhani aliona huzuni imeshanivuruga akili. Sikuwa na nguvu za kumweleza. Ningelazimika kuanza na mwaka ule nilioishi Mbuji kwa marehemu, na barabara siku hizi ni ya lami, tungefika sijamaliza hata nusu. Nikajifunika koti, nikawa napanga maneno. Kolumba, binti wa marehemu, alikuwa ameshanipigia simu kwamba kwa upande wa Nyasa atakayesimama kaburini kusema ni mimi. "Na usiniambie unajiandaa," alimalizia. "Nakujua, kaka." Ninakaribia miaka sitini, nina wajukuu, na bado kuna mtu mmoja duniani anayenijua hivyo.

Mwaka ule nilikuwa kijana, shule nimemaliza, nimekaa kwetu Liuli nikiwa nimeanza kila kitu. Banda la kuku nililianza, likabaki nguzo. Gitaa la kopo nililianza, likabaki kopo. Ndipo mama mkubwa akatuma ujumbe kwa dereva wa lori: mumewe amefariki, mlima wake umekaa nyasi misimu miwili, anaomba kijana wa kiume. Nyumbani hawakuwaza mara mbili. Nadhani walifurahi kupata mahali pa kunipeleka. Nilifika Mbuji mvua zimekolea, nimevaa shati jeupe la ukwayani na sandali, nikitetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Mama mkubwa alitoka jikoni, akanifuta uso kwa khanga yake kama mtoto, akaniangalia miguu, akaniangalia shati, akamwambia Kolumba, "Tafuta sweta la baba yako kabla hatujapata msiba wa pili." Sweta lile lilinifika magotini. Nililivaa usiku na mchana, nikilivua tu nikienda kufanya kazi, maana kule mlimani kijua kikitoka kinachoma.

Lazima niseme habari ya mlima, la sivyo mtu wa kwingine hataelewa nilivyokwama. Wamatengo, wenyeji wa huko, hulima milimani kwa mashimo yanayoitwa ngoro. Mwanamume hufyeka nyasi, huziacha zinyauke, kisha huzilaza mistari ya kuteremka na mistari ya kukatiza, mpaka mlima mzima unakuwa miraba miraba. Nyuma yake wanakuja wanawake na majembe. Wanachimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi, shimo linabaki katikati na maharage yanapandwa kwenye kingo. Mvua ikipiga, maji yanaishia mashimoni na mlima hauporomoki. Kazi ile imegawanywa tangu zamani na haibadilishwi: mwanamume asipolaza nyasi, mwanamke hana pa kuanzia. Kwa hiyo mjane asiye na mtoto wa kiume anaweza kuwa na majembe mazuri, nguvu, na mbegu ndani ya debe, na bado mlima ukamshinda kwa kukosa mtu wa kupanga majani. Mtu huyo nikawa mimi, kijana wa ziwani, ambaye jembe langu lote la maisha lilikuwa limepita kwenye mchanga wa mihogo.

Na haikuwa kazi ya kujaribu. Juma lile lile nililofika alikuja baba mdogo Ksaveri, mdogo wake marehemu, mtu mrefu mwenye kofia ya sufi asiyeivua hata akila. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya bonde, inautazama mlima wetu uso kwa uso. Nikamwamkia, "Shikamoo baba mdogo," akaitikia marahaba huku ananipima kwa macho. Kisha akakaa, akala ugali wote aliowekewa, akanawa, ndipo akasema. "Shemeji, mlima wa kaka unalala. Mvua za mwaka huu zikikatika haujaguswa, naupanda kahawa mimi. Nisingependa maneno baadaye." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja siku ya gulio. Alipoondoka mama mkubwa alibaki amekaa na bakuli tupu mapajani. Mlima ule ukienda hakuwa na chakula kingine, na asingekuwa na sababu ya kubaki Mbuji. "Nirudi Liuli?" aliuliza moto. "Nikafanye nini Liuli, nianikwe mchangani kama kenge?" Alisema hivyo mbele yangu mimi, mwenyeji wa mchanga huo, na wala hakuomba radhi.

Siku ya kwanza mlimani nilifyeka vizuri, mkono wangu haukuwa na shida. Shida ilianza kwenye kulaza. Nilianza kama ninavyojua, matuta marefu ya kukatiza, kama ya mihogo, bila mistari ya kuteremka, na nikiwa nimekumbatia mzigo wa nyasi mguu ukateleza. Nilikwenda kwa makalio mpaka kwenye mgomba wa jirani. Na wakati huohuo, kutoka ng'ambo ya bonde, kwenye kilabu cha pombe kilicho karibu na kwa baba mdogo, kikaja kicheko. Kicheko kikubwa cha watu wazima, kile cha kupigana mapaja. Bonde lilikipokea na kuniletea kizima kizima. Niliinuka, nikajipangusa, masikio yakiwaka moto, nikajiambia hawa watu hawatanicheka tena mpaka ninakufa.

Kuanzia hapo hakuna mtu Mbuji aliyefanya kazi kama mimi, na hakuna aliyemaliza kidogo kama mimi. Kolumba alinionyesha mara moja jinsi ya kulaza, nikashika. Nikawa nalaza mstari, napanda juu kuutazama, nauona umepinda kidogo pale kwenye kisiki, nashuka naufumua. Nalaza tena, napanda tena. Nilitafuta kamba ya katani nikawa naupima. Nilichagua nyasi ndefu nikazitenga na fupi. Upepo ukipuliza usiku, asubuhi narudi kupanga upya jana yote, na kusema kweli nilikuwa nafurahi umepuliza. Jioni nilirudi nyumbani mgongo umevunjika, mikono imechanika, na mlimani kuna miraba ya kutosha kulalia familia moja. Wanawake wa jirani waliokubali kuja kuchimba kwa zamu walikuja siku ya kwanza, wakaegemea majembe. Siku ya pili wakaleta vikapu vya kusuka ili wasikae bure. Siku ya tatu hawakuja. "Kaka Wili," Kolumba aliniuliza akiwa amekaa juu ya mpini wa jembe, "tunapanda maharage au unamtandikia askofu?"

Nyumbani wakaanza kunitafutia ugonjwa. Mama mkubwa alisema ni minyoo. Watu wa ziwani wamejaa minyoo, alisema, wanakula samaki wabichi, jambo ambalo si kweli, lakini nilikunywa mizizi yake michungu na kwa siku mbili sikuweza kufanya kazi yoyote ila kukimbilia chooni. Katekista alipopita kusalimia alisema ni uvivu, na kwamba uvivu ni mmoja wa vichwa vya dhambi. Nilimwonyesha viganja vyangu vilivyojaa malengelenge. Akavitazama kwa makini, akasema shetani ana njia nyingi. Kolumba alikuwa na jibu fupi kuliko wote. "Haumwi huyu, anaringa." Mimi mwenyewe niliwaza labda nimerogwa, na wazo hilo lilinipa raha kubwa kwa siku kadhaa, maana mtu aliyerogwa hadaiwi kitu.

Jiko la mama mkubwa lilikuwa chumba cheusi kwa moshi, mahindi ya mbegu yamening'inia juu ya mafiga, na kila jioni tulikaa humo kula ugali na maharage, kesho yake maharage na ugali. Nilikuwa naota samaki. Mama mkubwa alikuwa ameingia Ukatoliki kwa ndoa, na aliushika kwa mikono miwili kuliko waliozaliwa nao. Maji ya ugali yakichemka, kabla hajamimina unga, alikuwa na desturi yake: kila mtu ajichunguze. Ukae kimya, uipitie siku yako toka ulipofungua macho, kisha useme ulichoona. Sisi Waanglikana wa Liuli tunaungama wote kwa pamoja, kwa sauti, kwa maneno yaliyokwishaandikwa, na jambo linaisha upesi kila mtu akarudi kwake. Habari ya kuingia ndani peke yangu nikatoka na kitu mkononi nilikuwa siijui.

"Wili, umejichunguza?"

"Nimejichunguza, mama."

"Umeona nini?"

"Nimeona Kolumba amenuna tangu asubuhi."

"Hiyo ya Kolumba. Nimeuliza yako."

"Basi nimeona upepo ulikuwa mkali."

"Upepo nao umeungama?" Alikuwa ameinua mwiko. "Mwanangu, unga haumwagwi mpaka useme."

Na kweli hakumimina. Maji yakaendelea kuchemka, Kolumba akaendelea kuniangalia kama mtu anayeangalia kizuizi cha barabarani, na mimi njaa ikinisokota nikatoa dhambi yoyote iliyokuwa karibu. Jioni moja nilikiri kuiba mayai ambayo hayakuwahi kuwepo. Tulikula kwa mtindo huo wiki nyingi, na mvua zikaanza kupungua.

Siku mambo yalipobadilika hakuna aliyenihubiria. Mvua ya asubuhi ilinikuta mlimani, nikajibanza kwenye kibanda cha shamba, na humo nikakumbuka kuku wa bibi mmoja wa Liuli aliyekuwa anakula mayai yake mwenyewe. Bibi yule hakumpiga wala kumhubiria. Alikaa nyuma ya mlango akamwangalia tu, mpaka akajua kwamba kuku yule hula yai akishuka kiotani kwa upande wa ukutani, basi akakigeuza kiota. Nikajiambia, ngoja nami nijivizie hivyohivyo. Nisijilaumu, nisijitie moyo, nijiangalie tu nione ni wakati gani hasa ninaacha. Mvua ilipokata nikatoka, nikalaza mstari, na nikawa namwangalia huyu Wili anayelaza mstari. Alikuwa anafanya vizuri kabisa. Mkono unakwenda, nyasi zinalala. Kisha akakaribia mwisho wa mstari, na kabla ya konzi za mwisho, nikaihisi: shingo. Shingo ilijiinua yenyewe, ikageuka, macho yakaenda ng'ambo ya bonde kwenye kilabu. Baada ya hapo tu ndipo mstari ukaanza kuonekana umepinda.

Nilirudia siku nzima na kila mara ilikuwa shingo. Sikuwahi kufumua mstari bila kutazama kule kwanza. Jamani, nilichoka kwa mshangao, nikakaa chini. Kwetu ziwani shamba limelala; mihogo yako anaijua anayepita njiani. Huku shamba limesimama wima mbele ya watu kama nguo iliyoanikwa, na mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba kijiji kizima cha ng'ambo kimekaa na vikombe vyake kikinisoma. Na nilipojichimba zaidi nikaona jambo la aibu kuliko hilo. Mstari usiokwisha hakuna awezaye kusema ni mbaya. Banda la kuku la Liuli lilikuwa hivyohivyo, na gitaa. Nilikuwa naogopa kumaliza kwa sababu kilichokwisha kinaonekana. Nililia kidogo pale, sifichi, nikijipangusa kwa nyasi, na nyasi mbichi zinawasha sana usoni.

Jioni ile maji yalipochemka mama mkubwa akauliza, nikamjibu, "Nimeona ninawaogopa watu wa ng'ambo." Nilitegemea neno la faraja. Akamimina unga. Kolumba ndiye aliyesema, "Wa ng'ambo? Wale walevi?" akacheka mpaka akapaliwa.

Jumapili baada ya misa nikavuka bonde. Nilitaka nikajionee mwenyewe kinachoonekana kutoka kule. Sikuingia kilabuni moja kwa moja. Nilisimama nyuma ya ua wa mianzi, na nikawasikia wazee ndani, sauti ya baba mdogo Ksaveri ikiwa juu ya zote.

"Ule mlima wa kaka una nini siku hizi? Kila siku kuna kitu cheupe kinapanda kinashuka, kinapanda kinashuka."

"Mbuzi," mwingine alisema.

"Mbuzi gani hachoki?"

"Mbuzi wa shemeji yako amekatika kamba. Nimewaambia tangu mwezi uliopita."

"Si mbuzi," wa tatu akasema. "Ni yule kijana Mnyasa. Anavaa shati jeupe."

Nikashika mwanzi wa ua, nikajua sasa inakuja.

"Mnyasa?" baba mdogo akasema, na sauti yake ikalainika kabisa. "Hivi akirudi kwao hawezi kutuletea samaki?"

Wakaanza kuzungumza samaki. Mmoja alikumbuka mbasa aliowahi kula Mbamba Bay kwenye arusi, akaeleza mchuzi wake kwa kirefu; mwingine akabisha kwamba dagaa wa Nyasa ndio watamu zaidi; nusura wagombane. Jina langu halikutajwa tena. Niligeuka nikautazama mlima wetu. Ulikuwa mbali ajabu. Hakuna mstari uliokuwa unaonekana, wa kunyooka wala wa kupinda. Kulikuwa na kijani tu, kijani tupu, na pembeni yake milima ya wenzetu iliyokwishachimbwa ilikuwa imegeuka myeusi kwa udongo mpya. Hapo ndipo baba mdogo alipotoka nje kwa haja zake, akanikuta nimeganda. Nikamwamkia. Nikamuuliza bila kuzunguka, siku ile nilipoteleza mlicheka nini. Alijikuna chini ya kofia. Hakukumbuka siku yoyote. "Sisi tunacheka kila siku," alisema. Kisha akanyoosha kidole kwenye kijani chetu na hakuwa anacheka. "Lakini ule hauna udongo, mwanangu. Mvua zimebaki chache. Nilichosema kwa shemeji nilikisema."

Nilishuka bonde lile nikikimbia. Kesho yake asubuhi nilivaa sweta jeusi la marehemu ili nisiwe mbuzi, nikaanza chini kabisa ya mlima, nikalaza nyasi kama mtu anayezima moto. Shingo iliinuka, nikaiona, nikaiambia, haya umetazama, sasa inama. Ikainuka tena. Sikuishinda siku ile wala sijaishinda mpaka leo, ila nilikwishaifahamu, na kitu unachokifahamu kinakusumbua kwa adabu. Mchana Kolumba akaja kunitazama, akasimama, kisha akateremka mbio kuwaita wanawake. Wakaja na majembe, mama mkubwa mbele yao, amejifunga khanga mbili. Siku zilizofuata nilikuwa nakimbizwa na majembe mgongoni. Nikichelewa kidogo udongo ulinipiga visigino. Kuna mahali pale kwenye kisiki mraba ulitoka na pembe tano. Kolumba aliuchimba hivyohivyo huku akiuliza kwa sauti kama kwetu Liuli madirisha yana pembe tano pia. Maharage yalipandwa kwenye udongo wenye unyevu, mvua ikapiga mara chache, haba, ikakatika. Yaliota. Yale ya kwenye pembe tano yaliota kama mengine.

Mama mkubwa alibaki Mbuji na mlima wake. Baba mdogo alikuja wakati wa mavuno, akala bakuli la maharage mapya, akasema ni mazuri, yamekosa samaki. Nami nilirudi Liuli kwenye Krismasi, nikaezeka banda la kuku, likiwa limeegemea upande mmoja, na kuku hawakulalamika. Baadaye nikawa fundi wa nyumba. Nimejenga nyingi, hakuna hata moja iliyonyooka nilivyotaka, ila zote zina mapaa na watu wanalala ndani.

Makaburi ya kigango yako ng'ambo, karibu na palipokuwa na kilabu. Tulipokuwa tunasubiri padri nilisimama na Kolumba, mama mtu mzima sasa mwenye miwani, tukitazama mlima. Nusu ulikuwa mweusi, nusu kijani. Kolumba alikuwa ameacha jembe katikati kwa ajili ya msiba. Nikaona kitu cheupe kinapanda. "Nani huyo anafanya kazi siku ya maziko?" niliuliza kwa hasira. Kolumba akavua miwani, akaifuta, akavaa. "Mbuzi, kaka." Tukashikana mikono, tukacheka na kulia kwa pamoja, mpaka watu wakadhani tumezidiwa.

Kisha nikaitwa. Maneno yote niliyoyapanga toka Mbamba Bay, niliyoyafumua Mbinga, niliyoyapanga tena juu ya bodaboda, yakaniona napita wala hayakunifuata. Watu wengi walikuwa wamekaa kwenye mteremko wananitazama, na shingo yangu, huyo rafiki yangu wa zamani, ikaanza kupanda kutafuta mahali pa kukimbilia. Nikaiinamisha kwenye jeneza. Nikasema nilimpenda mama huyu. Nikasema aliningoja na unga mkononi mpaka niseme ukweli, na kwamba hakuwahi kula mimi nikiwa sijala. Nikataka kusema la tatu, likakataa, nikakaa chini na sentensi yangu imebaki na pembe tano.

Nilipokuwa najipangusa macho mkono mkavu ulinigusa bega. Alikuwa baba mdogo Ksaveri, mzee sana sasa, fimbo mkononi, kofia ya sufi kichwani. Aliinama polepole mpaka mdomo ukafika sikioni kwangu.

"Umesema vizuri, mwanangu," alininong'oneza. "Samaki umeleta?"

"Nimeleta, baba mdogo," nikamwambia. "Wapo kwenye furushi, jikoni kwa mama."